Mashine ya umeme, bamba la plastiki au baiskeli? Mguu uliovunjika na unyayo usionyanyuka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Mwandiga, Kigoma. Mdogo wangu ana miaka 27. Mwezi Februari alianguka kutoka kwenye mchikichi akikata mikungu, akavunjika mguu wa kulia chini kidogo ya goti. Alifungwa hogo kwa wiki kumi. Sasa limetolewa, na daktari amesema mfupa umeunga, aanze kukanyagia. Lakini goti halikunjiki vizuri, paja limekonda, na unyayo unaning'inia kiasi kwamba akitembea vidole vinakwaruza chini. Anatumia magongo ya kwapani tuliyoazima kwa jirani. Kuna mtu anatuuzia mashine ya umeme ya kuamsha neva kwa shilingi laki nne na nusu, na anatuhakikishia kwamba ndani ya mwezi mmoja atatembea. Tumekaa kama familia tukaona tuuze mbuzi. Je, tununue? Na ni kweli kwamba Ulaya kuna mashine zinazomtembeza mtu?

JIBU: Marahaba, dada. Mbuzi msiwauze kwa sasa. Sisemi hivyo kwa kuidharau mashine, kwani za namna hiyo nazitumia mwenyewe kazini, bali kwa sababu maelezo yako yanaonyesha kwamba mguu huo mmoja una matatizo matatu yasiyofanana: goti lililokakamaa, msuli wa paja uliosinyaa, na neva ambayo haifikishi amri kwenye unyayo. Mashine hiyo, hata ikiwa nzima na ikiwa mikononi mwa mjuzi, inaweza kusaidia moja tu kati ya hayo, nalo silo linalowanyima usingizi. Kifaa saidizi hakimrudishii mtu mwendo kama dawa inavyoondoa homa. Kazi yake ni kumwezesha kurudia mwendo sahihi mara nyingi bila kuumia, na ule kurudia ndiko kunakoujenga mwili upya. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, tujue kwanza ni mwendo gani umepotea, na umepotea kwa sababu gani.

Nianze na unyayo, kwa kuwa ndio muuzaji alioukusudia. Mpapase mdogo wako upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya usawa wa goti, nawe utagusa kinundu cha mfupa. Hicho ni kichwa cha mfupa mwembamba unaoandamana na muundi. Chini yake tu ndipo inapopita neva inayonyanyua unyayo. Inauzunguka mfupa huo ikiwa imefunikwa na ngozi na nyama kidogo sana, na kwa sababu hiyo huumia kirahisi. Pigo la kuanguka linaweza kuiumiza, ncha ya mfupa uliovunjika inaweza, hogo lililobana mahali hapo linaweza, na hata kulala siku nyingi mguu ukiwa umegeukia nje kunaweza. Kwa mdogo wako chanzo kitajulikana akipimwa, na wala si lazima kiwe uzembe wa mtu.

Neva ni kama waya wa umeme, una nyuzi za ndani na gamba la nje. Pengine imegandamizwa tu, nyuzi zake ziko nzima, nayo huamka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Pengine nyuzi zimekatika huku gamba likibaki zima, na hapo nyuzi huota upya kwa kulifuata gamba hilo, kwa wastani wa milimita 1 kwa siku, yaani takriban sentimita 3 kwa mwezi. Pengine vyote viwili vimekatika, na hapo kinachohitajika ni daktari wa upasuaji. Hesabu hiyo ya milimita ndiyo inayonifanya niikatae ahadi ya mwezi mmoja, kwa maana safari ya kutoka kwenye kinundu kile hadi kuifikia misuli yote ya mbele ya muundi huchukua miezi, hata mambo yanapokwenda vizuri, na hakuna mashine ya kuuzwa nyumba kwa nyumba inayoibadilisha.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Inapitisha umeme mdogo kwenye ngozi, umeme huo unaigusa neva, na neva ndiyo inayouamuru msuli ujikaze. Mnamo mwaka 1961, huko Marekani, Wladimir Liberson na wenzake walieleza kifaa kilichofungwa kwenye mguu, chenye swichi chini ya kisigino, ambacho kila kisigino kilipoinuka kilistua neva hii hii ninayoizungumzia na unyayo ukanyanyuka. Kwa hiyo muuzaji wenu hajabuni jambo lisilokuwapo. Lakini watu wa Liberson walikuwa wamepooza kwa kiharusi: hitilafu ilikuwa kichwani, na neva ya mguuni ilikuwa nzima, ikisubiri tu kuamriwa. Kwa mtu ambaye neva yenyewe ndiyo iliyokatika huko mguuni, umeme hauna njia ya kupita. Msuli uliokosa neva huhitaji umeme wa namna nyingine, wa mapigo marefu zaidi, ambao mashine ndogo za nyumbani kwa kawaida hazitoi. Tena nyingi kati ya zile zinazouzwa mitaani ni za kutuliza maumivu: zinatekenya ngozi, mgonjwa anahisi kitu kinatembea, anaamini neva inaamka. Kuna hatari nyingine pia, kwamba mahali ambapo ngozi imekufa ganzi mtu anaweza kuungua bila kujua.

Mahali ambapo mashine hiyo ingemfaa ni pajani, kwani neva ya paja iko mbali na jeraha na kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nzima. Baada ya hogo la muda mrefu msuli wa mbele wa paja husinyaa na kuwa kama uliosahau kazi, na umeme unaweza kuukumbusha. Hata hivyo, hiyo ni kazi ya wiki chache kwenye kitengo cha fiziotherapia, tena ikiambatana na mazoezi. Si kitu cha kuuzia mifugo.

Kitu ambacho ningependa fedha zenu zielekezwe huko, kama itathibitika kwamba neva ndiyo iliyoumia, ni bamba la plastiki linalovaliwa ndani ya kiatu, linaloanzia chini ya unyayo, likipanda nyuma ya kisigino hadi kwenye shavu la mguu, na kufungwa kwa mkanda. Fundi hufunga mguu kwa bandeji ya plasta ili kupata umbo lake, hujaza umbo hilo likawa mguu wa chokaa, hulisawazisha kwa tupa, kisha hutoa kwenye tanuri karatasi nene ya plastiki iliyolainika na kuifunika juu yake. Wataalamu wengi wa kazi hii hapa nchini wamesomea TATCOT kule Moshi, chuo kilichoanza mwaka 1981, na vifaa hivyo hutengenezwa Moshi na Dar es Salaam. Ndiyo sababu nakusihi mfike kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, mwelekezwe kwa rufaa, badala ya kupanda gari moshi kwa kubahatisha.

Bamba hilo halina umeme wala taa, na ndugu wengi wanalitazama kwa kukata tamaa. Lakini tazama linavyofanya kazi. Bila bamba, mtu mwenye unyayo unaoning'inia hulazimika kunyanyua goti juu kama anayevuka matope, au kuuzungusha mguu kwa pembeni, na akirudia hivyo kwa miezi mwili huzoea. Neva ikija kupona, anabaki na mwendo wa kilema usio na sababu tena. Akivaa bamba, unyayo hukaa wima, kisigino hutangulia kugusa ardhi, vidole havikwami kwenye mizizi wala mawe, na kila hatua anayopiga kwenda dukani au kisimani inakuwa zoezi. Pia linazuia mshipa mnene wa nyuma ya kisigino usifupike. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu ikitokea kwamba neva haikupona kabisa, bado kuna upasuaji wa kuhamisha mshipa wa msuli mzima na kuupa kazi ya kunyanyua unyayo, na upasuaji huo unahitaji kifundo cha mguu kilicholegea. Kifundo kikishakakamaa, mlango huo unakuwa mgumu kufunguka.

Wakati mnasubiri bamba, akae chini miguu ikiwa imenyooshwa, apitishe khanga chini ya vidole vya mguu na kuuvuta unyayo kuelekea kwake hadi ahisi shavu la mguu linavutika, ashikilie kwa nusu dakika, aachie, arudie mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Kwa kutembea, chukueni kipande cha tyubu ya baiskeli, mfunge ncha moja kwenye kamba za kiatu na nyingine kwenye kitambaa laini kilichozungushwa juu kidogo ya kifundo, ili mpira uwe unauvuta unyayo juu. Msifunge kitambaa hicho chini ya goti hata kidogo, kwa kuwa mtaibana neva ile ile iliyoumia. Kiatu kiwe cha kamba na chenye kisigino kigumu, raba kwa mfano. Ndala hazifai kwa mpira huo wala kwa bamba, na bamba likija huenda akahitaji kiatu cha namba moja zaidi. Jioni avue, mkague ngozi kwa mwanga mzuri. Wekundu unaopotea ndani ya nusu saa si tatizo. Usiopotea, au malengelenge, maana yake bamba lirudi kwa fundi likarekebishwe, kwa sababu ngozi yenye ganzi haitalalamika yenyewe.

Kuhusu magongo ya kuazima, hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana ndiyo kifaa anachokitumia leo na ndicho kinachoweza kumwangusha leo. Asimame wima amevaa kiatu, ncha za magongo zikiwa mbele na pembeni kidogo ya miguu. Kati ya kwapa na sehemu ya juu ya gongo paingie vidole viwili hadi vitatu vilivyolala. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono anapoulegeza mkono ubavuni, ili anaposhika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ukae mikononi, wala si kwapani, kwani kwapani pia hupita neva, na nimewahi kumpokea mgonjwa aliyekuja na mguu uliovunjika akaondoka na kazi ya kutibu mkono uliolegea, kwa sababu alikuwa ananing'inia juu ya magongo yaliyomzidi urefu. Kisha geuza magongo uangalie mipira ya chini. Mara nyingi kwenye magongo ya kuazima imelika hadi mbao au chuma kinachungulia. Fundi wa katambuga anaweza kukata kipande cha tairi na kukikaza vizuri, na ni kazi ya muda mfupi. Huku kwetu kuna sababu ya ziada: nyumba nyingi hukamua mawese uani, na tone moja la mafuta kwenye sakafu ya saruji linatosha. Njia anayopita ifutwe kwa majivu au mchanga kila siku, na mapipa yasogezwe.

Kwenye ngazi na vilima vyetu hivi, mguu mzima utangulie anapopanda, na anaposhuka magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Kama daktari alitaja kiasi cha uzito wa kukanyagia, mguu mgonjwa uwekwe juu ya mizani ya kupimia watu na mzima uwe juu ya tofali la kimo kile kile, aukandamize hadi mshale usome kilo zilizoruhusiwa, arudie hadi mwili uukariri uzito huo. Baadaye, atakapobaki na fimbo moja, aishike mkono wa kushoto, yaani upande wa pili wa mguu ulioumia. Wengi huishika upande wa ugonjwa kwa kudhani ndiko kuegemea, kumbe mwendo wa kawaida hupeleka mkono na mguu wa pande tofauti kwa pamoja, na fimbo ya upande wa pili hupunguza mzigo zaidi.

Limebaki goti, na hapo ndipo baiskeli inapoingia. Kutembea mahali tambarare kunahitaji goti likunjike takriban nyuzi 60 hadi 70, kupanda ngazi kunakaribia nyuzi 90, na kuchuchumaa chooni kunavuka nyuzi 110. Kwa hiyo swali ambalo wagonjwa huona haya kuuliza, la choo cha shimo, ni la goti hasa. Wakati linapona, seremala awatengenezee kiti imara chenye tundu katikati, kikae juu ya shimo. Kisha, daktari akiwa amekubali, chukueni baiskeli ya kawaida yenye stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma, muisimamishe mahali pa usawa karibu na ukuta, mtu mmoja ashike usukani na mwingine keria. Tandiko liinuliwe juu, kwa sababu tandiko la juu hupunguza mkunjo unaohitajika. Unyayo wake ufungwe kwa pedali kwa utepe laini usiobana, maana hauwezi kujishikilia wenyewe.

Siku za kwanza hataweza kuzungusha mzunguko mzima. Asilazimishe. Azungushe mbele hadi goti ligome, arudi nyuma hadi ligome, mbele na nyuma, kama anayetikisa kitanda cha mtoto, kwa dakika tano, mara tatu kwa siku, mguu mzima ukimsaidia mgonjwa. Ipo siku, pengine baada ya wiki moja, pengine baada ya tatu, pedali itapita juu bila kukwama. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi kwa mzunguko huo mmoja, nami huwaelewa, kwa sababu unamaanisha kwamba goti limefikia karibu nyuzi 105. Kuanzia hapo tandiko linateremshwa taratibu, upana wa kidole kimoja kwa wakati. Goti likivimba au likipata joto hadi kesho yake, amezidisha. Apunguze nusu, asiache.

Ili mjue kama mnasonga mbele, kila Jumamosi alale kifudifudi, akunje goti kadiri awezavyo, nanyi mpime kwa kamba umbali wa kutoka kisigino hadi kwenye tako, mfunge fundo mahali hapo. Mafundo yakizidi kukaribiana na ncha mliyoanzia kupima, goti linafunguka. Simu nayo ni kifaa saidizi kizuri: arekodiwe akitembea kutoka mbele, kutoka nyuma na kutoka ubavuni, hatua kumi kila upande, kwa sababu mtaalamu akizitazama picha hizo za wiki nne zikifuatana ataona mengi ambayo mgonjwa hawezi kuyaeleza kwa maneno.

Umeuliza kuhusu Ulaya. Ndiyo, zipo mashine zinazomning'iniza mtu kwa mikanda juu ya mkanda unaotembea, na zipo zenye miguu ya chuma inayokunja na kunyoosha magoti yake. Ni msaada mkubwa hasa kwa mtu asiyeweza kusimama kabisa, kwani zinawapunguzia wataalamu kazi ya kumbeba. Lakini mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu 408 waliopata kiharusi: baadhi walifundishwa kutembea kwa mikanda ya kuning'iniza, wengine wakafanyishwa mazoezi ya nguvu na mizania nyumbani kwao, chini ya mfiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya watu wote walikuwa wamepanda daraja la uwezo wa kutembea, na makundi hayo hayakupishana. Wale walikuwa na kiharusi, si mvunjiko, hivyo sidai kwamba matokeo hayo yanahamia kwa mdogo wako moja kwa moja. Nayataja ili familia isiishi na dhana kwamba ameikosa tiba kwa kuwa yuko Mwandiga. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Katika pengo kubwa namna hiyo, mchuuzi yeyote mwenye sanduku la nyaya hupata wa kumsikiliza, na siwalaumu mnaomsikiliza.

Kuna dalili ambazo zikitokea msisubiri miadi: shavu la mguu kuvimba na kuuma ghafla, kushindwa kupumua vizuri au kifua kuchoma, homa, usaha, maumivu makali mapya mahali palipovunjika, au ganzi inayopanda. Hizo ni za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na shavu lililovimba ghafla lisikandwe wala kuchuliwa.

Zaidi ya hayo, fanyeni jaribio hili leo jioni. Akae kitini, kisigino kikiwa chini, ajaribu kunyanyua unyayo na vidole kuelekea kwake, kisha ajaribu kuugeuza unyayo kuelekea nje. Tazama mbele ya kifundo: hata mshipa ukitikisika kidogo tu chini ya ngozi, andika tarehe, kwa kuwa hiyo ni habari kubwa. Halafu afumbe macho, umguse kwa unyoya kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata, akuambie anahisi nini. Kama hakuna mtikisiko wowote, basi sasa hivi, baada ya miezi mitatu na zaidi tangu aanguke, ndio wakati wa daktari bingwa wa mifupa kumwona na kuamua kama neva ipimwe zaidi. Jambo hilo lisiachwe hadi mwaka uishe, maana msuli uliokaa bila neva kwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuipokea tena.

Mkija hospitali, aje na picha zote za eksirei, karatasi ya ruhusa, kiatu anachokivaa na magongo yale yale, tujaribu kuyapima hapo hapo. Naye akiuliza kama atapanda mchikichi tena, mwambieni kwamba swali hilo nitalijibu siku atakaposimama kwa mguu wa kulia peke yake, bila kushika kitu, akanyanyua unyayo mara ishirini. Msimu huu mikungu ikatwe na mwingine, yeye akae chini akipukusua chikichi, tena akae kwenye kiti kirefu, siyo kigoda.